Skonzi za Jumamosi

Suji, Same

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako naisikia hadi huku, pamoja na lile swali linaloifuata la kama nimekula. Nimekula, Mama. Wewe hujambo? Mguu umepoa, au bado unauficha usije ukapelekwa hospitali? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku milimani imenifanya nivae sweta mbili na ushungi juu yake, hadi wanafunzi wangu wananicheka. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza katikati, na habari hii lazima uisikie yote ndipo unigombeze.

Mama Nakijwa unamjua kwa maneno yangu tu, yule mjane niliyepanga chumba kwake. Miaka yote alibeba ndizi kichwani kuzishusha barabarani, mpaka magoti yakakataa. Mwingine angekaa kitako akasubiri watoto watume chochote. Yeye alimpelekea fundi pipa kuukuu, akatengenezewa oveni ya mkaa, akaanza kuoka skonzi jikoni kwake.

Zile za mwanzo zilikuwa ngumu, mawe matupu. Alikuwa amejifunza kuoka kwa dada yake Same mjini, ambako joto huumua unga kabla hujamaliza kunawa mikono. Huku juu unga ulikaa kwenye beseni ukamtazama tu. Hakulalamika. Alilifunga beseni kwa blanketi lake mwenyewe, akalilaza kitandani pembeni ya kidumu cha maji ya moto, na sisi tukakaa kwenye vigoda tukisubiri unga uamke. Nilicheka hadi machozi. Lakini siku hiyo skonzi zilitoka laini, na tangu hapo nikaacha kucheka nikaanza kumsaidia. Nilimwonyesha hata kutia iliki kama unavyotia wewe.

Mteja wake mkubwa ni Bi Saada, mwenye mgahawa Same. Skonzi zilikuwa zikishuka kwake na gari la alfajiri, na kwa ajili ya mteja huyo mmoja Mama Nakijwa aliweza kuachana kabisa na mzigo wa ndizi. Tatizo lilikuwa Jumamosi. Wengi hapa Suji ni Wasabato. Ijumaa jua likikaribia kuzama, chakula kimeshapikwa, kuni zimeshapasuliwa, na Mama Nakijwa huzima mkaa hata kama kuna trei moja iliyobaki. Haoki, hauzi, wala mzigo wake hausafiri, mpaka jua la Jumamosi lizame. Bi Saada alivumilia wiki kadhaa, kisha akapiga simu. Alisema Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja wengi, na kama hawezi kuletewa, atatafuta mwokaji mwingine wa siku zote. Mama Nakijwa akamjibu kwa upole kwamba amesikia. Baada ya hapo alikaa kigodani akisugua magoti, na kule kusugua ndiko kulikoniponza.

Jumamosi iliyofuata, alipokwenda kanisani, nikakanda unga. Nilijiambia mimi si Msabato, mikono ni yangu, kosa liko wapi? Nikaoka trei tatu, nikampa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anashuka Same na pikipiki yake, nikamwagiza aseme zimetoka kwa Mama Nakijwa. Kisha nikaosha vyombo na kufungua madirisha yote. Nilijiona nina akili kuliko kijiji kizima.

Mama, harufu ya skonzi haitoki kwa kufungua dirisha. Mama Nakijwa alisimama mlangoni na Biblia yake mkononi, akavuta pumzi mara moja, akaenda kubadili nguo. Mchana kutwa alinitendea kama kawaida, hata chakula akanipakulia kingi. Afadhali angenichapa. Jua lilipozama ndipo akaniuliza zile skonzi zilikwenda kwa jina la nani. Nikasema kwa jina lake. Akaniambia kesho tutashuka wote.

Njiani nilimwomba aniache nikaseme mwenyewe. Akasema nitasema nikiulizwa.

Bi Saada alitupokea kwa furaha. Alisema skonzi za jana ziliisha kabla ya alasiri, na kwamba habari za mwokaji mwingine tuzisahau. Kila alichokuwa anakihitaji Mama Nakijwa alikuwa amekwisha kukipata hapo. Ilimtosha kusema asante na kunywa chai yake. Akaweka kikombe chini.

"Zile za jana si zangu, Bi Saada. Jumamosi sioki, wala nyumbani kwangu hapaokwi. Nimekuja uisikie kwangu, usije ukadhani nimebadilika."

Bi Saada akauliza nani basi aliyeoka.

"Mwanangu huyu."

Bi Saada aliutazama ushungi wangu, akamtazama yeye, akauliza amekuwa mwanawe tangu lini.

"Anakula kwangu, analala kwangu. Akikosea yeye, nimekosea mimi."

Niliomba radhi. Bi Saada akawa anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nilijua magoti ya Mama Nakijwa yanasubiri jibu hilo, na kama yangerudi kwenye ndizi ni mimi niliyeyarudisha. Hatimaye Bi Saada akasema yeye naye hufunga mlango Ijumaa saa ya sala, na wateja hurudi. Tena akasema mtu anayeshuka mlima kuja kukataa sifa hawezi kumuuzia skonzi mbovu. Kuanzia wiki hii zishuke maradufu Ijumaa alfajiri, za Jumamosi atazipasha moto mwenyewe.

Mama, uaminifu nimeufundisha ubaoni kwa chaki mara nyingi, lakini sikuwahi kumwona mtu akikaribia kupoteza riziki yake kwa ajili ya uaminifu huo. Namheshimu mama huyu kupita ninavyoweza kuandika. Na alipotamka "mwanangu" mbele ya watu sikumsahihisha, unisamehe kwa hilo.

Nisalimie Kaka Hamisi na vyerehani vyake, na wifi yangu Zainabu, umwambie asibebe ndoo katika hali ile. Msalimie Mama Mkubwa Fatuma, umwambie yule mume ambaye yeye huniulizia kila mara bado hajapatikana. Bibi mpe shikamoo yangu masikioni kabisa, asije akasema sijamkumbuka.

Mama Nakijwa yuko hapa karibu yangu anakanda. Nimemwuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akafikiri kidogo, akasema niandike hivi: "Mwambie mama yako amekulea vizuri sana. Lilikuwa limebaki somo la Jumamosi tu, na hilo nimelimaliza mimi."

Ni mimi mwanao, mkosaji aliyesamehewa,

Halima