Mwende Hatoki Nje

Jumapili, Pumwani. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi.

Tuko watatu katika chumba kimoja: mimi, dada yangu Mutheu, na binti yake Mwende, mwenye miaka sita. Mlango tumeufunga. Mtoto mchanga wa Mama Atieno, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ana surua. Hajafika umri wa kuchanjwa.

Mwende alichanjwa. Wapangaji wote wa ploti hii wanajua, maana Mutheu na Mama Atieno walibeba watoto wao hadi kliniki pamoja. Sasa Atieno, aliyechanjwa siku ile, analala na mdogo wake mgonjwa na hana hata kipele.

Wasichojua ni kwamba Mwende ana virusi vya UKIMWI. Daktari alitueleza wazi: mwili wa mtoto kama huyu unaweza kupokea chanjo usijenge kinga, au uijenge kisha ififie. Surua inaweza kumuua. Tumweke mbali na mgonjwa, alisema.

Mbali, katika ploti ya bomba moja.

Mchana nilienda kuteka maji. Nilimkuta Mama Atieno na wanawake wengine wakifua.

"Mwandishi! Kazi yako kutangaza habari za watu, na mlango wako umeufunga? Huyo mtoto si alidungwa na wangu siku moja?"

"Ana homa kidogo."

"Homa ya wiki nzima? Sema tu sisi ni wachafu."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

Nimewahoji mawaziri miaka mingi. Leo nilibeba ndoo ikiwa nusu, nikaondoka.

Nilimwambia Mutheu tumweleze Mama Atieno peke yake. Hakuinua macho kutoka kwenye karai.

"Ukimwambia mmoja, jioni mwenye nyumba anajua. Utatuhamishia wapi, kaka?"

Hakosei. Nimeandika kuhusu familia zilizofukuzwa kwa uvumi tu.

Jioni Mama Atieno alibisha, akaacha sahani ya ugali na visamaki vya omena mlangoni, akaenda zake. Ni ya Mwende. Yeye na Atieno wamekula pamoja tangu waanze kutembea. Surua huenea kwa hewa, si kwa omena. Tuliichukua.

Mwende alikula akiutazama mlango.

"Anko, si hata mimi nilidungwa?"

"Ulidungwa."

Ni kweli, na haitoshi.

Hapa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Kesho nitaipeleka mwenyewe, na sukari ndani. Mama Atieno ataipokea na kuniuliza tena. Nitamdanganya mara ya pili, au nitasema ukweli kisha nianze kutafuta nyumba?