Soksi za Dubu

Dada Zakiya, shikamoo.

Salamu zikufikie huko Osaka, na baridi yake isikuzidi. Kifurushi chako kimefika Malindi salama: vibandiko vya paka, na soksi za dubu wenye mashavu mekundu. Ahsante sana, dada. Wanijua tangu utotoni, vijidude vya Kijapani ndio ugonjwa wangu.

Tangu Ayman wangu atangulie mbele ya haki, nakaa eda hapa kwao, bila wanja wala hina. Soksi nilizivaa kwa kuiba, nikazifunika kwa dera. Juzi nikasinzia mkekani. Kuamka, mama mkwe amekaa miguuni pangu, awatazama dubu. Nikajua leo nitasomewa: mwenye eda hajipambi!

Akagusa shavu la dubu mmoja. “Mwanangu alikuwa hivi alipokuwa mchanga,” akasema, akalia. Hakuwa amelia tangu maziko.

Kisha akajifuta kwa upindo wa leso, akauliza, “Dadako hawezi kunipatia mimi?”

Basi mtafutie, dada. Mguu wake ni mkubwa kuliko wangu. Na dubu wawe wale wale, wenye mashavu.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanatumu