Batani Niliyoishika Mpaka Tano

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Joto limeanza kupungua lakini upepo umebeba vumbi lote la soko la ng'ombe na kulileta kwangu, kwa hivyo nimefunga dirisha.

Leo nimeizungusha gari ya binti yangu mara tano, stability imezimwa kabisa, kwa mkono mmoja, huku natafuna miraa.

Hapana. Wacha nianze tena, kwa sababu wewe shajara huna mdomo lakini una kumbukumbu. Nilizunguka mara mbili kasoro kona moja. Mikono ilikuwa miwili, na kama ningekuwa na wa tatu ningeutumia. Kutafuna nilitafuna, hiyo ni kweli, lakini kwenye kona nilimeza kila kitu, na majani na kijiti. Sasa naandika kwa simu na kidole kimoja, herufi kwa herufi.

Naogopa.

Nimeandika hilo neno, nikageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu ameliona.

Gari ni ya Kathure, kifungua mimba wangu, anafanya kazi ofisi za kaunti. Ni kagari kadogo kekundu, mgongo umekatwa wima kama mkate. Ukikaona kameegeshwa utafikiri ni ka mwalimu wa chekechea. Lakini ndani kuna turbo, na ukikanyaga mafuta unasikia tumbo limebaki nyuma na wewe umeenda. Jumamosi moja kila mwezi, yeye na wenzake wachache wanaopenda magari wanaenda uwanja wa zamani wa ndege, upande wa barabara ya Garbatulla, pale ndege za kupulizia nzige zilikuwa zinatua. Wanapanga mapipa na matairi, wanamsalimia mzee mwenye ngamia, anatoa ngamia wake, halafu wanazunguka na kuzunguka.

Siku ya kwanza nilimuuliza, "Sasa mkikimbia hivyo mnafika wapi?"

"Hapa hapa, Baba. Lakini haraka."

Nimemsumbua miezi sita anipe hiyo gari. Nimemwambia mimi niliendesha pickup ya miraa kutoka Maua miaka ishirini, gunia juu ya gunia, na ile pickup haikuwa na kompyuta. Kompyuta ilikuwa haya matako yangu. Ndiyo yalikuwa yananiambia gari inaanza kuteleza kabla macho hayajajua.

Juzi akachoka na mimi, akakubali. Mizunguko miwili tu, gia ya tatu, na stability ikiwa imewaka.

Hiyo stability ni mtambo wa ndani. Gari ikianza kutupa mgongo kwa kona, kompyuta inakamata breki ya gurudumu moja peke yake, inairudisha kwa mstari, na wewe dereva unabaki ukifikiri ni ufundi wako. Wenyewe wakienda kwa mapipa huwa wanaizima, kwa sababu wanasema inawabania. Kuna batani karibu na gia, ina picha ya gari na mistari imepinda kama njia ya nyoka. Ukiigusa mara moja, unaipunguza. Ukiishika na kuhesabu mpaka tano, inalala kabisa, na taa ya njano inakaa kwa dashibodi ikikuangalia.

Kathure alinieleza hayo yote akiwa ameinama dirishani, kwa sauti ile anatumia na wazee wanaokuja ofisini bila karatasi. Akasema, "Na ukiogopa, Baba, kitu kimoja: usitoe mguu kwa mafuta katikati ya kona. Usitoe."

"Mimi niogope nini?" nikamuuliza.

Akaenda kusimama karibu na kona ya mwisho pamoja na Guyo, fundi wake. Nilibaki peke yangu ndani, na helmeti inayonuka jasho la watu wengine.

Nikaishika batani. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Sijui kwa nini. Nikisema sijui ni uongo pia. Nilitaka nikimaliza nishuke, niwaonyeshe ile taa ya njano, niseme, "Mnaona? Na bado mnahitaji kompyuta." Nilikuwa nimeshapanga mpaka vile nitavua helmeti.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mtamu. Sitakudanganya. Niliona ujana wangu ukipita dirishani ukinipungia mkono.

Wa pili, kwenye kona ya mwisho, niliingia na mwendo mwingi. Nikasikia mgongo wa gari umekuwa mwepesi, kidogo tu. Matako yakasema. Na mguu wangu, bila kuniuliza, ukafanya kile umefanya miaka ishirini: ukatoka kwa mafuta.

Kwa pickup ya miraa hiyo ndiyo dawa. Pickup inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Yakianza kucheza, unatoa mguu, yanatulia, unashukuru Mungu, unaendelea, miraa inafika kabla haijanyauka. Lakini haka kekundu kanavutwa na magurudumu ya mbele. Ukitoa mguu katikati ya kona, uzito wote unakimbilia pua, na mgongo unabaki hauna kazi. Unaamua kutangulia.

Ukatangulia.

Sikuona uwanja tena. Niliona pipa, anga, pipa, vumbi, na kupitia dirisha la pembeni, pale ambapo barabara ilifaa kuwa, nilimwona Kathure. Alikuwa amesimama. Guyo alimvuta mkono, lakini yeye alikuwa anakuja upande wangu. Gari inamwendea kwa ubavu, na huyo mtoto anakuja.

Ilisimama. Baadaye, walipokuwa wanaongea, nilitembea kutoka alama ya tairi mpaka pale walikuwa wamesimama. Hatua tisa. Na miguu yangu ni mifupi.

Injini ilikuwa imezima. Dereva wa miraa hakai barabarani na gari imezima, kwa hivyo mkono wangu uliiwasha tena kabla akili haijarudi. Na hiyo gari ukiizima na kuiwasha, stability inaamka yenyewe. Taa ya njano ikapotea. Hapo sikuwa na hila yoyote, naapa.

Hila ilikuja baada ya hapo. Kathure alifungua mlango, akanishika uso na mikono miwili, akaniangalia macho yote mawili kama daktari. Halafu akauliza, "Ilikuwa imewaka? Baba, stability ilikuwa imewaka?"

Nikasema, "Ilikuwa."

Neno moja tu. Mtu mzima mwenye wajukuu.

Aliangalia dashibodi, akaona ni safi. Akamgeukia Guyo. Guyo ndiye alifunga matairi ya nyuma Alhamisi, na kile kifaa cha gurudumu kinachoiambia kompyuta mwendo.

"Guyo, umeniwekea nini hapa? Baba yangu angekufa."

"Dada, nilipima mara mbili."

"Ulipima nini, na imetupa mzee mwenye alikuwa gia ya tatu tu?"

Wenzake walikuwa wamesimama hapo wakisikiliza. Hao ndio wateja wa Guyo. Mmoja alikuwa ameacha funguo kwa meza ya spana ya Guyo ili atengenezewe gari; akaziondoa polepole, akaziweka mfukoni, kama mtu anayetoa chakula mbele ya paka.

Guyo alichukua spana. Alilala chini ya gari kwa lile jua, karibu saa nzima, na nilikuwa naona tu viatu vyake. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini, nimepewa soda, napepewa na kofia. Kila mtu alikuwa ananiuliza kama kifua kinauma. Kilikuwa kinauma, lakini si kwa sababu wanayofikiria.

Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwa kope. Akasema, "Wallahi sioni kitu. Wacheni gari hapa. Kesho asubuhi nitaizungusha hiyo kona mwenyewe mpaka inionyeshe."

Mpaka inionyeshe.

Hiyo ndiyo inanitisha, shajara, kuliko zile hatua tisa. Hiyo gari haina ugonjwa. Na mtu anayetafuta ugonjwa ambao haupo hajui mahali pa kusimama. Atazunguka, itakaa sawa. Ataongeza mwendo, itakaa sawa. Atasema mzee alikuwa mwendo mdogo na ikamtupa, wacha niongeze tena. Ataongeza mpaka apate mwendo ambao hata kompyuta haiuwezi, na kwenye hiyo kona sasa nimeshaona kile kiko mbele: pipa, anga, pipa. Guyo ana watoto wanne. Mkubwa ananiita babu.

Nilifika nyumbani nikamtumia ujumbe: "Kesho usiwashe gari kabla nifike. Nakuomba kama mzazi."

Akajibu, "Sawa mzee. Sitawasha. Kwani?"

Hiyo "kwani" iko hapa kwa simu tangu saa tisa. Nimeifungua mara kumi. Nimeandika jibu, nikafuta. Niliandika "nitakueleza," nikafuta, kwa sababu nilijua nikifika nitaeleza kitu kingine.

Naogopa Kathure. Si kelele yake, hiyo nimeizoea tangu akiwa na meno mawili. Naogopa atakavyoniangalia akijua kwamba alikimbilia gari kwa ajili yangu, nikashuka nikamdanganya usoni, mikono yake ikiwa bado kwa mashavu yangu. Naogopa ataficha funguo zote za hii nyumba, hata ya choo. Naogopa pia kitu kingine, ambacho sijamwambia mtu. Miaka ishirini ya miraa niliogopa kila siku. Kila kona. Nilikuwa nikiimba nyimbo za kanisa kuanzia Maua mpaka nikiona taa za Isiolo. Huo ushujaa niliutengeneza baadaye, nikiwa nimekaa.

Sasa nimeandika hapa, na nitabonyeza itoke kwa blogu, ili asubuhi nisipate mlango wa kurudi nyuma. Kathure ataenda kanisani ibada ya kwanza bila mimi. Nitamwambia akitoka anifuate uwanjani, nimwambie mbele ya Guyo na mbele ya hao wenzake wenye funguo. Mungu ataelewa nikikosa ibada. Yeye ndiye aliniona nikihesabu mpaka tano.

Guyo, najua unasoma hii blogu, kwa sababu ni wewe ulinifungulia na ukanionyesha jinsi ya kubonyeza. Basi umeipata "kwani" yako. Gari ni nzima, matairi ni mazima, wewe ni fundi, na mimi ni mzee mjinga.

Lakini unakumbuka ile siku ulikwama Garbatulla na injini ya pampu ya maji, na magari yote yamekukataa, nikakubeba wewe na injini yako juu ya magunia matupu mpaka mlangoni kwako? Ulishuka ukasema, "Mzee, siku moja na mimi nitakubeba."

Ni kesho. Kathure akishasikia hataniweka kwa gari yake, na kutoka huko mpaka mjini ni mbali kwa miguu mifupi. Nirudishe na pikipiki yako. Uende polepole, nitakuwa nimekushika kiuno.