Nimemwita Kaka Mcheza Kamari

Jumanne, Migori. Mvua tangu asubuhi, na mimi nina hasira. Nyingi ni za kujikasirikia mwenyewe.

Jumapili, kwa mama kule Rodi Kopany, nilimwita kaka yangu Odhiambo mcheza kamari. Mbele ya watoto wake! Anachimba dhahabu Osiri. Alisukuma sahani, akasema, "Nyamera, dada yangu, mimi nachimba. Sichezi." Akaondoka. Tangu hapo hashiki simu zangu.

Leo nikawa naandaa somo la maneno ya mkopo. Nikatafuta asili ya kamari, nia yangu ni kumshinda tu. Limetoka Kiarabu, na huko pia ni mchezo wa kupata na kukosa. Nikafurahi, mjinga mimi. Bahati nalo limetoka Uajemi. Sisi Waluo tunasema hawi, na mwenye hawi hatukanwi, anaonewa wivu. Kisha nasibu, lile la bahati nasibu. Kwa Waarabu ni fungu, kile mtu anachogawiwa.

Nikaweka kalamu chini.

Kule Osiri mawe hugawanywa kabla ya kusagwa. Mwenye shamba magunia yake, mwenye shimo yake, wachimbaji yao, na hakuna anayejua gunia lipi lina dhahabu. Ukipewa, umepewa. Katika fungu lake, Odhiambo hujaza kwanza karai moja la mawe kwa ajili ya mama, ndipo aguse lake. Kuna wakati karai hilo lilimnunulia mama dawa, na lake likatoa vumbi tupu. Sijawahi kumsikia akinung'unika.

Na mimi je? Kila wikendi nabeti mpira kwenye simu, nimejifungia chooni kama mwizi. Mpira wenyewe siujui! Eti najaribu bahati tu. Mwalimu mzima wa Kiswahili, nimejichagulia neno tamu, la kamari nikamtupia anayetoka jasho.

Haki ya Mungu, nimeona aibu.

Saa kumi nimempigia tena. Akashika. Habari za Waarabu sikuzigusa.

"Omera, kaka yangu, anayecheza kamari ni mimi."

Akauliza tu:

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Hakucheka, wala hakunirudishia maneno yangu.

"Jumamosi tunagawana mawe," akasema. "Njoo ukae na mimi. Simu uiache kwa mama."

Nitaenda. Lakini mama akiniuliza kwa nini naiacha, nitamwambia?