Mtafsiri Aliyeahidi Maji Katoyi

Yaya Kavira, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zenye vumbi jeusi la Goma. Ziwa limejaa, ila bomba la mtaa wetu wa Katoyi limekauka wiki ya pili. Juzi mama Masika, mwenye nyumba nilimofikia, alinipeleka sinema ya mtaani. Walionyesha tamthilia ya jukwaani iliyorekodiwa: wagombea wawili wanabishana kwenye televisheni, kwa Kiingereza. Mtafsiri wa ukumbi, mikro mkononi, aliwasemea wote wawili kwa Swahili yetu. Walipofika kwenye kodi, watu wakapiga miayo. Basi akaongeza yake: "Mukinichagua, maji itafika Katoyi!" Vigelegele!

Mama Masika akasimama. "Papa, siku gani?"

Kwenye kioo mgombea alikuwa anafuta jasho tu. Mtafsiri akababaika: "Anasema... kesho asubuyi."

Kulipokucha, mama alikuwa mlangoni kwa mtafsiri na bidoni nne tupu za maji. "Ulisema, watu wote walisikia." Mtafsiri akazijaza ziwani, akazibeba mbilimbili hadi kwetu, akihema.

Sasa mtaa mzima unamtaka agombee kweli. Anakataa; anasema siasa ni kazi nzito.

Nakuwaza, yaya, wewe na sombe yako ya majani ya muhogo. Mungu awatunze, nibusie watoto.

Mudogo wako