Kiti cha Kushoto

Jumatano, baada ya isha

Wamelisukuma. Nimekaa eda, sitoki, kwa hiyo nilisimama dirishani nikalitazama gari letu likivuka geti kwa mara ya kwanza.

Kesho ni arobaini ya Baba Mwanaidi, na turubai la hitima halina pa kusimama ila uani, pale pale alipokuwa akiliunganisha gari. Tangu makasha ya vipande vyake yapite mpakani Horohoro, kila jioni alikuwa chini yake na mimi nikimshikia taa. Nikimuuliza lini litatembea, hujibu, "Bado breki tu, Mama Mwanaidi. Likiwaka, wa kwanza kupanda ni wewe. Tunakwenda Amani, kule milimani, tukale baridi."

Bado breki tu.

Asubuhi Salimu, mdogo wake, alisema nyuma ya mlango, "Shikamoo, shemeji. Gari tulihamishie kwa jirani, wageni wapate pa kukaa."

Nikamwambia sawa. Ningesema nini?

Akashika usukani yeye. Vijana wakasukuma, mmoja akapiga kelele, "Taratibu, halina breki hilo!" Wakacheka. Kicheko kile kimeniudhi mpaka sasa, ingawa najua hawakukusudia ubaya.

Mto wa kiti changu cha kushoto niliushona mwenyewe, wa kijani, akaujaribu Baba Mwanaidi kwanza. Nilitaka kuwaambia wangoje, niingie, hata mpaka hapo kwa jirani tu.

Limetembea, Baba Mwanaidi. Kiti changu kimekwenda kitupu.