Siku Sitini za Kunuswa

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya hamsini na nne bila tone la pombe. Saa mbili kamili wifi kanikumbatia tena mlangoni pa duka. "Umeamkaje, wifi yangu?" — pua shingoni, pua mdomoni. Dada wa marehemu mume wangu hakunipenda hivi hata siku moja katika miaka tisa ya ndoa! Nikamwambia leo ni dawa ya meno ya mnanaa, jana ilikuwa ya karafuu. Hakucheka. Kazi yake kunusa, yangu kushona magauni ya maharusi. Duka ni lake kwa hati, langu kwa mgongo.

Jumapili akimwambia mama mkwe, anayeishi na mwanangu Kijino, kwamba siku sitini zimetimia na niko safi, Kijino anarudi kwangu. Ana miaka saba. Jino la mbele limemng'oka mwanangu nikiwa sipo. Basi na ninuswe.

Jumanne, 4 Machi

Kikundi cha tulioacha pombe. Watu kumi na mmoja, viti vya plastiki, nyuma ya zahanati. Mwenyekiti, dereva wa lori mstaafu, anatangaza siku zake kama mtu aliyepata mjukuu. Tunapiga makofi. Ukisema umeshinda, makofi. Ukisema umeteleza, makofi. Ukipiga chafya, jiandae!

Muuguzi wa zahanati katuuliza chupa tulikuwa tunazificha wapi. Nikataja: mfuko wa vipande vya vitambaa, birika bovu, debe la vifungo, buti la marehemu. Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Nikajiona bingwa.

Nyumbani nililia. Buti bado liko nyuma ya mlango.

Alhamisi, 6 Machi

Bibi harusi kaja kujaribu gauni. Pini ikaniponyoka, ikamchoma. Nikiwa mlevi nilitunga uzi mara moja tu. Sasa nina akili timamu, natunga mara nne! Akasema eti amesikia zamani nilikuwa na mkono mzuri zaidi. Zamani ipi, mama? Ile niliyoshona mikono miwili ya kushoto?

Wifi kanijibia kwamba zamani nilikuwa na haraka tu, mkono ni uleule. Nusura nimpende.

Hajalia tangu msiba, huyu. Mimi nililia kwenye chupa, yeye akabadilisha vitasa, akapanga risiti, akabeba kazi zangu na zake. Watu wakasema: huyo ndiye mwanamke! Mimi wakaniita majina mengine, na sikuwalaumu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenuswa. Nimeshona. Kijino kanipigia simu kuuliza kama nyumbani kwangu bado kunanuka. Nikamwambia hapana, njoo uone. Akasema sawa, lakini kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya hamsini na tisa. Mungu wangu.

Gauni lilikuwa juu ya Bi Kiuno, lile sanamu letu la kupimia nguo. Alikuwa ameanza kuyumba, nikamlaza nimkaze mguu. Kitu kikagonga ndani yake. Nikaingiza mkono. Kitambaa cha satini, kimefungwa kwa fundo langu mwenyewe, na ndani yake nusu chupa ya pombe kali. Niliiweka lini? Sijui! Mlevi anaweza kumficha polisi, mume na hata nafsi yake. Kikulacho ki nguoni mwako — aliyesema hivyo lazima alikuwa fundi cherehani.

Naandika ukweli, hakuna atakayesoma: nilifungua. Mate yakajaa mdomoni. Nilitaka. Nilitaka sana, jamani! Kisha nikafunga, na kufunga kile kifuniko kulinichosha kuliko kumzaa Kijino.

Kumwaga mwenyewe siwezi, nisijidanganye. Nikaita: "Wifi! Njoo upesi, kabla sijabadilisha mawazo!"

Kaja na futi shingoni. Nikasubiri kelele. Akaitazama chupa, mimi hakunitazama. Akauliza kama nimekunywa. Sijanywa. Na hakuninusa! Leo ndiyo siku ambayo hakuninusa. "Lete, nikaimwage," akasema. Akaingia chooni, akasukuma komeo.

Komeo la nini?

Nusu chupa inamwagika ukihesabu mpaka kumi na tano. Najua, nimemwaga nyingi nikiapa. Sasa dakika ya nne. Hakuna sauti ya kumwaga. Hakuna sauti yoyote. Niko sakafuni nje ya mlango, daftari gotini.

Nikigonga, namfumania shahidi wangu. Kesho nani atamwambia mama mkwe niko safi? Nikinyamaza, Kijino analetwa saa nne asubuhi, tunatabasamu wote, mambo yameisha. Ni rahisi kweli. Ndivyo walivyoninyamazia mimi mwaka mzima, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri!

Nimegonga.

"Nakuja, wifi! Nanawa uso tu!"

Ndipo bomba likafunguliwa, mpaka mwisho. Hata mimi nililifungua hivyohivyo, maji mengi, ili wasisikie nikinywa.

Nimegonga tena. Nimemwambia afungue, sina hasira, na siondoki hapa.

Maji bado yanatoka.